Gemu mbili za mazombi, somo moja la ualimu

Wadau, likizo hii nilicheza Left 4 Dead ya 2008 nyumbani Muleba, kisha Back 4 Blood ya 2021 kwa mshikaji Bukoba mjini. Zote zimetoka mikononi mwa Turtle Rock, na zote ni watu wanne dhidi ya mazombi. Ya zamani inawasoma wachezaji: mkizidiwa inawapa nafasi ya kupumua, mkijisahau inawamwagia kundi. Mpya imeongeza kadi. Kila mmoja anajipangia uwezo wake kabla ya mapambano.

Mdogo wangu aliielewa ya zamani fasta. Kwenye kadi akakwama, akaweka padi chini. Kosa langu: nilimcheka badala ya kumwelekeza. Nami ndiye mwalimu mtarajiwa! Gemu ilimsoma mwanafunzi wangu kabla yangu.