Rangi za Tartani: Jinsi Waskoti Wanavyozigawa na Kuzitaja

Ni wachache kati yetu wasiokwisha kuona, ikiwa si kwa macho basi kwa picha, wanaume wa Uskoti katika vazi lao la fahari, lifungwalo kiunoni na kufika magotini, lenye mistari ya rangi nyingi ikatanayo. Kitambaa cha vazi hilo huitwa tartani. Wengi hukitazama, hukisifu, kisha hupita. Sisi leo twataka kukaa nacho kidogo na kuuliza neno moja: rangi zake hugawanywaje, na majina yake hutoka wapi? Swali hilo laonekana dogo kama uzi. Lakini tutaona ya kuwa mafundi, majeshi na hata bunge wamelishughulikia, na kwamba kumbukumbu ilipokatika, kazi ya mababu ilipotea pamoja nayo.

Kitambaa chenyewe

Tartani ya desturi hufumwa kwa sufu ya kondoo, na nyuzi hutiwa rangi kabla ya kufumwa. Fundi hupanga nyuzi za mtande kwa zamu: nyingi za rangi hii, chache za rangi ile. Kisha nyuzi za mshindio hufuata zamu ileile, rangi kwa rangi. Kila uzi wa mshindio hupita juu ya nyuzi mbili za mtande na chini ya nyuzi mbili, na katika kila safu husogea hatua moja. Ndiyo sababu twaona vijistari vya mshazari katika kitambaa chote.

Hapo ndipo panapozaliwa jambo la ajabu. Uzi mwekundu ukutanapo na mwekundu, twapata wekundu kamili. Mwekundu ukutanapo na mweusi, jicho lililo mbali haliwezi kuzitenga nyuzi. Laona rangi ya tatu, wekundu wa giza. Basi rangi mbili huzaa tatu. Rangi tatu huzaa sita, nne huzaa kumi, na sita huzaa ishirini na moja. Mwalimu wa hesabu aweza kuwapa wanafunzi wake kazi hiyo, nao wataipata kwa kalamu na karatasi.

Lakini fundi hazitaji zote ishirini na moja. Huzitaja sita tu alizo nazo mkononi. Zile nyingine hazihitaji jina, maana hujileta zenyewe nyuzi zikutanapo. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya majina ya tartani: hutajwa uzi, hautajwi mchanganyiko.

Rangi zilizotoka shambani na mwituni

Kitambaa cha mirabaraba cha zamani sana kilichopatikana Uskoti kilionekana mwaka 1933 karibu na mji wa Falkirk, ndani ya chungu kilichojaa fedha za Warumi. Ni cha karne ya 3. Kina rangi mbili tu, ya mwanga na ya giza, wala hakikutiwa rangi yoyote: ni sufu ya kondoo kama walivyozaliwa nayo. Kingine, kilichotolewa katika bwawa la Glen Affric na kuonyeshwa mjini Dundee mwaka 2023, wataalamu wamekikadiria kuwa cha karne ya 16. Ndani yake wameona kijani na rangi ya kahawa, na dalili za nyekundu na manjano.

Rangi hizo watu walizipata kwa jasho. Ukungu mkavu uotao juu ya miamba ulitoa rangi ya kahawa iliyoelekea wekundu. Mizizi ya mimea ilitoa nyekundu. Buluu ilitoka katika majani, na baadaye katika nili iliyoletwa kwa merikebu. Nyekundu kali ilitoka kwa mdudu mdogo wa nchi za Marekani, aishiye juu ya dungusi. Ili rangi ishike katika sufu, walitia shabu au chuma. Kwa hiyo rangi ya mwaka huu haikulingana kabisa na ya mwaka jana, wala ya bonde hili na ya bonde lile.

Na lugha nayo iligawa rangi kwa njia yake. Katika Kigaeli, lugha ya watu wa milima ya Uskoti, tartani huitwa breacan, jina litokalo katika neno la kitu chenye madoadoa. Neno gorm ni buluu, lakini hutajwa pia kwa majani mabichi. Wekundu una maneno mawili: dearg ni wekundu mkali, ruadh ni wekundu wa nywele za watu na manyoya ya mbweha.

Tusicheke. Katika Kiswahili chetu, rangi zilizo na maneno yake yenyewe ni tatu: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Nyingine zote tumeziazima kwa vitu au kwa lugha za wengine: kijani kwa majani, kahawia kwa kahawa, kijivu kwa majivu, manjano kwa kiungo cha jikoni, buluu kwa wageni. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu kilichoonyesha ya kuwa lugha nyingi za dunia huanza na nyeupe na nyeusi, kisha nyekundu, ndipo nyingine hufuata. Macho ya watu ni yaleyale. Lugha ndizo zikatazo mipaka mahali mbalimbali.

Sheria iliyokata kumbukumbu

Mwezi wa Aprili 1746 jeshi la mfalme wa Uingereza liliwashinda waasi wa milimani huko Culloden. Mwaka uleule bunge lilitunga sheria ya kuwakataza wanaume na wavulana wa Uskoti, ila waliokuwa askari, wasivae mavazi ya milimani. Adhabu ya kosa la kwanza ilikuwa kifungo cha miezi sita. Ya kosa la pili, kupelekwa ng'ambo ya bahari kwa miaka saba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782, baada ya miaka zaidi ya 30.

Miaka 30 ni umri wa kumkuza mtoto hadi naye awe na watoto. Mwaka 1815 chama cha watu wa milimani kilichokuwa London kiliwaomba wakuu wa koo wapeleke kipande cha tartani ya ukoo wao, chenye muhuri. Wengine walipeleka. Wengine walijikuta hawajui tartani yao ni ipi. Tena yawezekana baadhi yao hawakuwa wameisahau, kwa maana zamani mipango mingi ilifuata bonde na fundi kuliko jina la ukoo. Lakini hapakuwa na daftari la kuwaamua.

Pengo hilo lilizibwa na wafanya biashara. Nyumba ya Wilson, wafumaji wa Bannockburn, iliandika mwaka 1819 kitabu cha mipango yake, kikionyesha hesabu ya nyuzi na rangi zake. Walilazimika kufanya hivyo: jeshi lililoagiza nguo za askari mamia halitaki kila mmoja awe na kijani chake. Mipango mingine waliiita kwa namba tu, mingine kwa jina la mji au la ukoo. Miaka mitatu baadaye mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh, na mwandishi Walter Scott akapanga sherehe. Kila bwana akataka tartani yenye jina. Mwaka 1842 ndugu wawili walichapa kitabu kikubwa cha tartani za koo, wakidai wameinakili hati ya kale. Hati hiyo ilikuwa ya uongo; hata hivyo mipango kadhaa ya kitabu hicho yavaliwa hata leo. Mahali pasipo na kumbukumbu ya kweli, ya uongo hukaribishwa kama mgeni wa heshima.

Herufi na hesabu

Leo tartani huandikwa kwa herufi na namba. Herufi hutaja rangi, namba hutaja idadi ya nyuzi. Tutunge mfano wetu wenyewe: B24 K4 G24 R2. Maana yake ni buluu nyuzi 24, nyeusi 4, kijani 24, nyekundu 2. Kisha fundi hugeuka nyuma, kijani 24, nyeusi 4, na kurudi kwenye buluu. Mpango mzima una nyuzi 82, nao hurudiwa mpaka kitambaa kiishe.

Msomaji atauliza, kwa nini nyeusi ni K? Ni kwa sababu katika Kiingereza majina ya buluu, nyeusi na rangi ya kahawa yote huanza na herufi moja. Basi buluu iliachiwa B, nyeusi ikapewa herufi ya mwisho ya jina lake, na rangi ya kahawa ikapata T. Vivyo hivyo kijani ilitangulia kuchukua G, na rangi ya majivu ikapewa N. Nyeupe ni W, manjano ni Y. Rangi ikiwa ya mwanga huongezwa L mbele. Ikiwa ya giza, D.

Mpango mmoja, sura nyingi

Hapa twafika penye mabishano. Jeshi la Black Watch, lililopewa daraja la rejimenti mwaka 1739, huvaa tartani ya buluu, nyeusi na kijani, ya giza hata kwa mbali yaonekana karibu nyeusi. Koo za Campbell na Sutherland huvaa mpango uleule, nyuzi zilezile kwa zamu zilezile, lakini mara nyingi katika buluu na kijani cha mwanga zaidi. Je, ni tartani moja au tofauti? Ukitazama herufi, ni moja. Ukitazama nguo, waweza kuapa kwamba ni mbili.

Wafumaji wameleta utaratibu kwa kuzigawa rangi katika makundi. Kundi liitwalo la kisasa lina rangi nzito za giza, mfano wa zile za dawa za viwandani zilizoenea baada ya kijana William Henry Perkin kugundua rangi yake ya urujuani mwaka 1856. Kundi liitwalo la kale lina rangi nyepesi, kuiga zile za mimea. La tatu ni la rangi zilizochakaa, kama nguo iliyopigwa na jua na mvua: buluu huwa ya majivu, kijani huwa ya kahawa. La nne ni la rangi tulivu, kati ya hizo.

Mnunuzi na aangalie sana. Neno “kale” katika kundi hilo halisemi ya kuwa mpango ni wa zamani. Tartani iliyobuniwa juzi yaweza kufumwa leo katika rangi za kale. Tena watia rangi wa zamani walipenda rangi kali kila walipoweza kuzipata. Ni jina la sura, si cheti cha kuzaliwa.

Mwaka 2008 bunge la Uskoti lilitunga sheria ya kuweka daftari la tartani zote, nalo lilifunguliwa Februari 2009 chini ya mtunza nyaraka wa nchi, Edinburgh. Humo huandikwa jina, hesabu ya nyuzi na rangi. Kwa desturi ya kazi hiyo, mpango wa nyuzi ndio mfupa wa tartani. Kiasi cha mwanga wa rangi huachiwa fundi kwa sehemu kubwa.

Neno kwa wazazi

Basi, wasomaji, tumejifunza nini? Ya kwanza, jina la rangi peke yake halitoshi. Mama amtumaye mtoto sokoni kununua uzi wa kushonea kikwembe hasemi “lete buluu” akanyamaza. Humpa kipande cha nguo akilinganishe. Wale wakuu waliopeleka vipande vyenye muhuri mwaka 1815 walifanya vilevile, na vipande hivyo vyasema ukweli kuliko sifa nyingi za mdomo.

Ya pili, kazi ya mikono isiyoandikwa yaweza kupotea katika umri wa mtu mmoja. Nyumbani mwetu mna wazee wajuao ni ganda gani litoalo nyekundu na ni matope gani yatoayo nyeusi. Vijana wetu wenda masomoni na wajua kuandika. Na wachukue daftari, wakae karibu na bibi, waandike jina la mti, kiasi, na siku za kuloweka, na kando yake wabandike kipande cha kitambaa chenyewe. Bibi akiisha kutuacha, jina la mti bila kipande litaleta ubishi, na kipande bila jina hakitatuambia kilifanywaje.