Mwenda pole naye hujikwaa

Asubuhi moja mjini Malindi, karibu na soko, nilimwona bibi mmoja aliyekwisha kula chumvi nyingi amesimama kando ya barabara. Kichwani alijitanda leso, mkononi alishika kikapu chenye fungu la mchicha na samaki wawili. Alitaka kuvuka. Alitia mguu mmoja barabarani, tuktuk ikapita, akaurudisha. Akautia tena, bodaboda mbili zikaja zikikimbizana, akaurudisha tena. Utingo wa matatu alimpigia kelele, "Bibi, fanya haraka!"

Hatimaye kijana muuza njugu alimshika mkono akamvusha. Alipofika ng'ambo bibi yule alihema, kisha akasema, "Macho yaona, mwanangu, na masikio yasikia. Ni miguu tu iliyonikataa."

Je, msomaji, ni wangapi nyumbani kwako waliokataliwa na miguu? Wahenga walituambia kwamba mwenda pole hajikwai. Kwa kijana mwenye pupa, hilo ni neno la hekima. Lakini kwa mtu wa miaka 75 ambaye mwendo wake umepungua mwaka hadi mwaka, mambo ni kinyume. Mzee anayekwenda pole kwa kuwa misuli imemwishia ndiye hasa anayejikwaa, na akianguka huenda akavunjika nyonga.

HESABU YA BARABARA

Tuchukue barabara yenye upana wa mita 7. Mtu mzima mwenye afya hutembea kiasi cha mita 1.2 kwa sekunde, kwa hivyo ataivuka kwa sekunde 6 hivi. Mzee anayekwenda mita 0.4 kwa sekunde atahitaji sekunde 17 na zaidi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 240 katika muda huo. Maana yake ni kwamba gari ambalo mzee hakuliona kabisa alipoanza kuvuka laweza kumkuta angali katikati ya lami. Utingo anayemwambia afanye haraka anamdai kitu ambacho miguu yake haina.

Madaktari nao wameuchukulia mwendo kama kipimo cha afya. Mnamo mwaka wa 2011, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi tisa uliohusu watu zaidi ya 34,000 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea. Waligundua kuwa waliotembea kwa kasi zaidi, kwa jumla, waliishi miaka mingi zaidi. Si kwamba kasi yenyewe humwongezea mtu umri. Mwendo ni kama kipimo cha joto la mwili: huonyesha jinsi moyo, mapafu, mishipa ya fahamu, viungo na misuli vinavyofanya kazi kwa pamoja.

MISULI INAPOONDOKA

Katika mambo hayo yote, misuli ya miguu ina sehemu kubwa. Msuli wa mbele ya paja ndio unaokuinua kitini na kukupandisha ngazi za matatu. Misuli ya mashavu ya miguu ndiyo inayousukuma mwili mbele kila unapoinua kisigino. Mashavu hayo yakidhoofika hatua huwa fupi, na mzee huanza kujivuta kwa nguvu za nyonga. Ndiyo maana ukimtazama vizuri utamwona akiburura ndara.

Misuli huanza kupungua polepole kabla hata ya uzee, na nguvu hupungua upesi kuliko nyama yenyewe. Isitoshe, nyuzi zinazotangulia kudhoofika ni zile za haraka, ambazo humwezesha mtu kujizuia anapoteleza. Mwaka wa 1989 mtaalamu wa Marekani, Irwin Rosenberg, aliipa hali hii jina la sakopenia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya upungufu wa nyama.

Hapa yafaa kusema jambo moja bila ya kuficha. Katika kaunti yetu ya Kilifi kuna wazee waliouawa kwa kushukiwa kuwa wachawi, na kuna wengine waliolazimika kukimbia miji yao na kutafuta hifadhi. Mara nyingi chanzo ni ugonjwa au kifo ambacho jamaa hawakukielewa. Basi tuelewe hili: baba akianza kuishiwa nguvu za miguu hakurogwa na nduguye, na nyanya anayetembea ameinama hana siri ya usiku. Ni misuli, ni mifupa, ni umri. Dawa yake haitafutwi kwa kumnyooshea mtu kidole.

HURUMA INAYODHOOFISHA

Sisi watu wa pwani tunawaheshimu wazazi, nalo ni jambo jema. Lakini tazama tunavyowaheshimu. Mama akishika ndoo, mkaza mwana humpokonya. Akitaka kukaa kwenye mbuzi akune nazi, huambiwa, "Pumzika, mama, umefanya kazi ya kutosha." Baba huwekewa kiti chini ya mwembe asubuhi, na jioni huondolewa hapo. Baada ya mwaka mmoja tunashangaa kwa nini hawezi kufika chooni peke yake.

Misuli isiyotumiwa huondoka. Mwaka wa 2007 ulichapishwa uchunguzi wa wazee wazima wa afya waliokubali kulala kitandani siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Ikiwa mtu mzima wa afya hupatwa na hayo kwa siku 10, itakuwaje kwa mgonjwa aliyelazwa wiki tatu na kuambiwa asiinuke?

Lakini kuna habari njema pia. Mwaka wa 1990, huko Boston, daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wazee 10 waliokuwa wakitunzwa katika makao, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Kwa wiki 8 waliwazoeza kuinua uzito kwa miguu, mara tatu kwa wiki. Nguvu za misuli ya mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili kati yao waliacha kutumia mikongojo. Walipoacha mazoezi, nguvu zilianza kurudi chini katika wiki 4. Funzo ni mawili: hakuna aliyezeeka mno hata asiweze kuongeza nguvu, na kazi hii haina likizo.

JIPIMENI NYUMBANI

Pima mita 4 uwanjani. Mwambie mzee atembee kwa mwendo wake wa kawaida. Akichukua sekunde 5 au zaidi, mwendo wake umefika kiwango ambacho wataalamu wa Ulaya hukihesabu kuwa cha kuangaliwa. Kisha mketishe kitini, akunje mikono kifuani, ainuke na kuketi mara tano. Zikipita sekunde 15, mapaja yamedhoofika. Dalili nyingine utaziona mwenyewe: mzee aliyekuwa akisujudu na kuinuka bila taabu katika rakaa zake 17 za kila siku, sasa hawezi kuinuka mpaka ashike ukuta.

Mazoezi hayahitaji mashine. Na ainuke kitini mara 8 hadi 10, apumzike, kisha arudie. Ashike ukuta na kupanda juu ya vidole vya miguu, kisha ashuke polepole. Asubuhi atembee ufuoni, aanzie kwenye mchanga mgumu karibu na maji, kwani mchanga laini huchosha mara mbili na zaidi. Mwenye kuyumba asiende bila mtu wa kumshika.

Misuli pia yataka chakula. Chai na mkate mkavu havijengi nyama. Mpeni samaki, mayai, maziwa, kunde, pojo au mbaazi, na mgawo wake usiwe wa mwisho baada ya watoto kushiba.

Tahadhari: mguu au mkono wa upande mmoja ukilegea ghafla, au mdomo ukienda upande, hicho huenda ni kiharusi, na mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo, mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu, goti lililovimba au ganzi ya nyayo itokanayo na kisukari, amwone daktari kwanza.

Bibi yule wa sokoni alikataa kuitiwa tuktuk. Alisema nyumbani ni karibu, na kwamba akizoea kubebwa atabebwa mpaka kaburini. Hakusoma uchunguzi wowote, lakini alisema kweli. Basi leo jioni, mama akiitaka mbuzi akune nazi, mpeni. Mkae karibu naye, na mwacheni ainuke mwenyewe.