Si Kila Ndege Shambani ni Kwelea

Mkulima wa uwele na mtama wa Busi, wilayani Kondoa, hajamaliza kazi suke linapoanza kujaa maziwa. Palizi imekwisha, lakini kuanzia alfajiri hadi jua linapozama kuna kuamia ndege. Katika vita hivyo kila ndege mdogo mla mbegu huhesabiwa mwizi: kwelea kwelea, chiriku, mnana na shomoro, wote shabaha ya teo lile lile. Kuwachanganya hivyo ni hasara kwa mkulima mwenyewe. Mharibifu mkubwa ni mmoja, ana sura yake na tabia zake, na ni tabia hizo zinazoonyesha mahali na wakati wa kumdhibiti.

Tuanze na sura. Kwelea ana urefu wa sentimita 12 hivi na uzito wa gramu 15 hadi 26 hivi. Mgongo wake ni wa kahawia wenye michirizi, kama wa shomoro, lakini mdomo wake ni mnene na mwekundu. Msimu wa kuzaa ukifika, dume kwa kawaida hupata uso mweusi uliozungukwa na rangi ya waridi au manjano, na mdomo wa jike hugeuka manjano. Chiriku analingana naye kwa umbo, ila mdomo wake hauwi mwekundu kamwe. Yupo chiriku mwenye uso wa manjano uliokatwa na mstari mweusi jichoni na mwingine chini ya shavu. Akiruka, kiuno chake cha manjano huonekana waziwazi. Kwelea ni wa ukoo mwingine kabisa, ule wa mnana.

Tabia huwatenganisha zaidi. Chiriku huishi wawili wawili au katika makundi madogo, huokota mbegu za nyasi na magugu, na dume huimba kwa sauti tamu juu ya mti. Jike hujenga tago dogo lililo wazi juu, mfano wa kikombe, kwenye panda ya tawi. Kwelea hafanyi jambo lolote peke yake. Hula, hulala na huzaa kwa maelfu, pengine mamilioni, na kundi lake likiruka jioni huonekana kama moshi unaojikunja. Matago yake ni viduara vya nyasi vyenye mlango ubavuni, yamejazana kwenye miti ya miiba. Mayai huatamiwa kwa siku 10 hadi 12, na makinda huanza kutoka tagoni baada ya wiki mbili hivi. Kisha kundi huhama kufuata mvua na mbegu mpya.

Mkulima anaweza kuuliza: nafaka ikishaliwa, jina la aliyekula lina faida gani? Jibu liko kwenye hesabu. Kwelea mmoja hula takribani gramu 10 za mbegu kwa siku. Kundi la ndege milioni moja, basi, humaliza tani 10 kila siku, ingawa sehemu ya chakula hicho ni mbegu za nyasi pori. Chiriku wachache hawawezi kufanya uharibifu huo hata wakishinda shambani msimu mzima. Wengine watasema dawa ni kupanda mahindi, kwa kuwa punje zake ni kubwa mno kwa kwelea. Ni kweli, lakini uwanda wa kati ni nchi ya mvua haba, na mahindi hukauka mahali ambapo mtama na uwele huvumilia.

Ipo pia hoja kwamba ndege ya serikali ikija kupuliza sumu, kazi imekwisha. Upuliziaji wa sumu hiyo, fenthioni, husaidia pale tu unapolenga malalo au mazalia yenyewe, na hata hapo huweza kuua bundi, tai na ndege wengine wasio na hatia. Kondoa kwenyewe kuna ufundi wa kutega kwelea kwa vikapu na kuwafanya kitoweo. Mtegaji anayewajua ndege wake huweza kumwachia chiriku akiwa hai; sumu haina uchaguzi huo. Ila ndege aliyeokotwa mahali palipopulizwa sumu asiliwe kabisa.

Kwa hiyo, mkulima wa Busi, kabla ya kurusha teo tazama mdomo, kisha tazama wingi. Ukiona mdomo mwekundu na kundi linaloelekea kwenye miiba kila jioni, fuatilia linakolala na umwarifu afisa ugani siku hiyo hiyo, kwa sababu makinda hawatakusubiri. Ukiona chiriku, mwache ale magugu yake.