Kuifungia Haidrojeni Ndani ya Vinyweleo: Maelezo kwa Wanakiswahili

Makala haya yananuia kueleza mbinu moja ya kemia ya kisasa ambayo mwanzoni huonekana kama kitendawili: kwamba dutu inayoshikilia haidrojeni huiachilia upesi zaidi inapofungiwa mahali finyu kuliko inapoachwa wazi. Msukumo wa kuyaandika ulitokana na ubishi. Sahibu yangu anayesomea kemia alishikilia kuwa jambo hili halisemeki kwa Kiswahili. Nilimwomba anieleze polepole, kisha nikashika kalamu.

Kwanza, tatizo lenyewe. Haidrojeni ikiungana na oksijeni katika seli ya fueli hutoa umeme, joto na maji. Kilo moja yake hubeba nishati inayokaribia mara tatu ya ile ya kilo moja ya petroli. Hata hivyo, ndiyo gesi nyepesi kuliko zote, na kilo hiyo moja katika halijoto ya kawaida hujaza takriban mita za ujazo 12. Ili ichukulike garini, hushindiliwa kwa kanieneo ya takriban mara 700 ya ile ya hewa, au hupozwa hadi nyuzi 253 za Selsiasi chini ya sufuri. Njia ya tatu ni kuifunga kikemikali ndani ya yabisi.

Mfano mzuri wa yabisi hizo ni amonia borani, unga mweupe wa naitrojeni, boroni na haidrojeni, ambao asilimia 19.6 ya uzito wake ni haidrojeni. Ila ni bahili. Ukiupasha joto hadi nyuzi 80, nusu ya mmenyuko wa kwanza huchukua hadi dakika 290. Zaidi ya hayo, hutoa pia borazini, mvuke unaoidhuru seli ya fueli.

Mnamo mwaka 2005, watafiti wa Pacific Northwest National Laboratory, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la kuvutia. Waliyeyusha amonia borani katika methanoli, wakainywesha silika yenye vinyweleo vya nanomita chache tu, yaani sehemu chache za bilioni ya mita. Kimiminika kilifyonzwa kama mafuta ya taa yanavyofyonzwa na utambi. Methanoli ikakauka, amonia borani ikabaki ndani. Safari hii nusu ya mmenyuko ilikamilika kwa dakika 85 katika nyuzi 50, na kwa chini ya dakika 10 katika nyuzi 80. Borazini nayo ilipungua mno. Nyuzi 80 si nambari ya kubahatisha: seli za fueli za magari hufanya kazi katika joto linalokaribiana na hilo, hivyo joto lao lenyewe laweza kutumika kuitoa gesi.

Kwa nini ufinyu usaidie? Chembe ikiwa ndogo, sehemu kubwa ya molekuli zake huwa usoni, na haidrojeni haina safari ndefu ya kutoka. Kuta za silika nazo hugusana na molekuli hizo na kuubadilisha mkondo wa mmenyuko. Tena, kuta huzizuia chembe kugandamana na kuwa bonge.

Hapa istilahi inadai haki yake. "Kinyweleo" tumekiazima kutoka ngozini bila taabu. Lakini umbo linalobeba vinyweleo tuliiteje? "Jukwaa" la waashi halifai, kwani huondolewa jengo likikamilika, ilhali hili hubaki. Sahibu yangu alipendekeza "sega", na kwa silika hii, ambayo vinyweleo vyake vimejipanga kama vya nyuki, nakubali. Kwa erojeli ya kaboni, isiyo na mpangilio huo, sikubali. Nimeteua "kiunzi".

Kiunzi, hata hivyo, kina gharama. Katika jaribio la 2005 silika na amonia borani zilikuwa na uzito sawa. Hivyo ile asilimia 19.6 ikashuka hadi 9.8. Isitoshe, amonia borani iliyokwisha kutoa gesi hairudishiwi haidrojeni kwa kuisukumia tu. Sharti itengenezwe upya kiwandani. Borohaidraidi ya lithiamu hukubali kujazwa tena, na mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba ndani ya erojeli ya kaboni hutoa gesi kwa kasi ya hadi mara 50 zaidi. Lakini kasi hiyo ilipimwa katika nyuzi 300, joto ambalo seli ya fueli ya gari haiwezi kulitoa.