Kupiga Windows: bei ya fundi na bei ya kilichofutwa

Kuipiga Windows upya, yenyewe kama yenyewe, ni kazi rahisi mno. Kompyuta iliyokuja na Windows 10 au 11 halali, leseni yake imefungwa kwenye vifaa vya mashine hiyo. Ukiifuta na kuisimika tena toleo lilelile, ikishapata mtandao inajitambua na kuidhinisha leseni yake bila wewe kulipa hata shilingi. Faili la usimikaji linapatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft. Ukubwa wake ni GB kadhaa, na flashi ya GB 8 inalibeba. Kwa intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde, kulipakua kunachukua saa kadhaa. Usimikaji wenyewe, kwenye diski ya SSD (isiyozunguka), hauzidi saa moja. Tuseme fundi anatoza shilingi 15,000 za Tanzania: anachouza hapo ni ujuzi, muda na flashi yake iliyo tayari.

Hasara huanzia kwingine, kwenye vile vilivyokuwamo kabla ya kufuta.

Chukua laptop yenye GB 200 za mtu: picha za harusi, hesabu za duka, tasnifu iliyobakiza sura moja. Ukizihamishia kwenye diski ya nje kupitia tundu la zamani la USB 2, kasi halisi ni kama MB 30 kwa sekunde, na kazi itakula karibu saa mbili. Kupitia USB 3, diski ya kawaida ya nje inafika MB 100 kwa sekunde: dakika 33 umemaliza. Lakini ukitaka kuzipandisha mtandaoni kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, hesabu inatoka sekunde 800,000, yaani siku 9 na ushei, bila umeme kukatika na bila bando kuisha.

Fundi mwenye laptop tano mezani hana saa mbili za kumpa kila mteja kwa kunakili tu. Atakuuliza, "Kuna kitu cha muhimu humu?" Wateja wengi hujibu kwamba vitu vyao viko kwenye sehemu ya diski iitwayo D. Hapo ndipo pa kusimama na kuangalia vizuri. Vile unavyovihifadhi pale mbele ya skrini, vile ulivyopakua kwenye intaneti, na mara nyingi nyaraka zako zote, viko kwenye sehemu ya C, na C ndiyo inayofutwa. Hata hiyo D, kwenye laptop nyingi, ni kipande cha diski ileile. Inanusurika C ikifomatiwa, lakini diski ikifa zinakufa zote mbili. D si nakala.

Zamani mtu aliweza kubahatisha. Diski ya kuzunguka ikifomatiwa harakaharaka, data hubaki chini mpaka iandikwe juu yake, na fundi mwenye programu nzuri huweza kuifukua. SSD haina huruma hiyo: Windows ikishaiambia kwamba eneo fulani limefutwa, diski hulisafisha yenyewe, na mara nyingi hakibaki cha kufukua. Ongeza usimbaji wa BitLocker, ambao kompyuta nyingi za sasa huja nao umeshawashwa. Windows ikigoma na ukataka kuichomoa diski ili uokoe faili, utaombwa ufunguo wenye tarakimu 48. Kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku ya kwanza kuiwasha mashine. Ikiwa akaunti hiyo aliifungua muuzaji dukani na wewe huijui nywila yake, faili zako zipo lakini huwezi kuzifikia.

Mara nyingine hata sababu ya kufuta haipo. Malalamiko ya kila siku ni uzito: mashine inachukua dakika nzima kuwaka. Laptop yenye diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika hutumia milisekunde 11 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo kusoma vipande vilivyotawanyika haifikishi mara 100 kwa sekunde. SSD ya bei ya chini inasoma maelfu kwa maelfu. Ukipiga Windows upya juu ya diski ileile utapata nafuu ya muda mfupi, kisha uzito utarudi. Afadhali fedha hiyo ichangie bei ya SSD. Na kama ugonjwa ni wa Windows kweli, si lazima ufute kila kitu: iko njia ya kuisimika juu ya iliyopo, programu na faili zikabaki, na iko ya kuirejesha upya ikaziacha faili na kuondoa programu. Kufuta kabisa kuwe tiba ya mwisho.

Tarehe 19 Julai 2024 dunia iliona maana ya kupima kabla ya kutibu. Sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta milioni 8.5 za Windows kwa makadirio ya Microsoft. Dawa haikuwa kupiga Windows upya: ilikuwa kuiwasha mashine katika hali ya usalama na kufuta faili moja. Tuseme kila mashine ilihitaji dakika 15 za mtu. Jumla ni saa milioni 2.1, sawa na watu zaidi ya 1,000 wakifanya kazi mwaka mzima. Na palipowashwa BitLocker, mafundi walikwamishwa na tarakimu zilezile 48.

Kwa waliolazimika kusimika upya kweli, mfano ni kampuni ya meli ya Maersk. Juni 27, 2017, kirusi cha NotPetya, kilichosambazwa kupitia programu ya uhasibu inayotumika Ukraine, kiliingia kwenye mtandao wake na kuharibu mashine karibu kote duniani. Mwenyekiti wa kampuni wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alieleza huko Davos mwaka 2018 kwamba walisimika upya seva 4,000, kompyuta 45,000 na programu 2,500 kwa siku kumi. Hizo ni kompyuta 4,500 kwa siku, zaidi ya tatu kila dakika, usiku na mchana. Kampuni ilitaja hasara ya dola milioni 250 hadi 300. Gawanya kwa mashine 49,000: dola 5,100 hadi 6,100 kwa kila moja. Fedha hiyo ingenunua laptop mpya kadhaa mahali pa kila iliyoharibika, kwa sababu sehemu kubwa ya hasara ilikuwa biashara iliyosimama wala si vyombo.

Tena kazi hiyo ilikaribia kushindikana. Seva zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao, takriban 150, zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, na kirusi kikazifuta kwa mpigo. Ilibaki moja tu, nchini Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na seva imezimika. Kuituma data yake, mamia ya GB, kwa mtandao uliokuwapo kungechukua siku nyingi. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, ambako kazi ya kusimika upya ilikuwa ikiongozwa, hivyo mmoja akaibeba diski hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, naye akapanda ndege kwenda London. Kampuni yenye uwezo wote ule iliokolewa na nakala moja iliyokuwa nje ya mtandao kwa bahati.

Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10, mashine nyingi zinafikishwa kwa mafundi ili zipigwe Windows 11. Yako ikiwa zamu yake, nunua kwanza diski ya nje. Nakili mwenyewe nyumbani, kwa utulivu. Ichomoe, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, fungua faili mbili tatu uone kama kweli zinafunguka. Hakikisha pia akaunti ya Microsoft iliyomo ni yako na nywila yake unaijua. Ukishamaliza hayo, mpelekee fundi mashine na umwambie afute.