Usitupe kompyuta ya Windows 10: ushauri kwa wapenda kompyuta wa Ushetu

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, lakini masasisho ya kawaida ya usalama yalikoma, na Windows 11 inadai vitu ambavyo mashine nyingi za mtumba hazina: chipu ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Hapo ndipo Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad nyingi za zamani zilipokwama, zile zile ambazo mtu wa Nyamilangano au Ulowa huzifuata Kahama mjini kwa sababu ndizo anazozimudu.

Kuna njia mbili ambazo mwenye mashine hiyo huelekezwa. Ya kwanza ni kununua nyingine. Ya pili ni kwenda kwa fundi "akupigie Windows" ya wizi, pamoja na kile kiprogramu cha kuidanganya ijione imelipiwa. Viprogramu hivyo vinadai uzime kwanza ulinzi wa kompyuta ndipo vifanye kazi, na nyingi kati ya kompyuta zilizojaa virusi kwenye stesheneri zetu zilifunguliwa mlango hapo hapo. Mimi nasimama na njia ya tatu: itengeneze mashine uliyo nayo, kisha iweke Linux. Itakufanyia kazi miaka mingine kadhaa.

Ila usikimbilie Linux kabla hujashika bisibisi. Mfumo mpya hauponyi mashine mbovu, na ukanda huu wa Shinyanga hadi Geita unaua kompyuta kwa sababu zake wenyewe, ya kwanza ikiwa vumbi. Fungua kifuniko cha chini cha kompyuta mpakato iliyotumika miaka miwili bila kusafishwa. Kati ya feni na yale mapezi membamba ya shaba utakuta tabaka jekundu limeshikana kama blanketi, hewa haipiti, prosesa inapata moto, inajipunguzia kasi yenyewe, na mwenye mashine anasema "inaganda, ina virusi." Toa betri kwanza. Safisha kwa brashi laini, na ukipuliza kwa bloa ishike feni kwa kidole isizunguke. Futa ile pasta iliyokauka juu ya prosesa kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Toa na kadi za RAM, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, urudishe. Mashine kadhaa zinazotangazwa kufa bodi zimefufuka kwa kazi hiyo tu.

Baada ya vumbi ni diski. Kama una fedha ya kununua kitu kimoja, nunua SSD ya SATA ya GB 240 uitoe ile diski ya kuzunguka. Hakuna badiliko lingine utakaloliona haraka kiasi hicho. Diski ya zamani ipime kabla ya kuiamini: ndani ya Linux amri ya smartctl -a inasoma afya yake. Tazama mstari wa Current_Pending_Sector. Namba ikiwa juu ya sifuri na inapanda, hamisha mafaili yako leo, usingoje kesho.

Na flashi? Hizi za kwenye meza za gulioni zilizoandikwa TB 2 wakati ndani ni GB 16 zimeangamiza kazi za watu wengi. Kompyuta inaona TB 2 kwa sababu chipu imefundishwa kusema uongo. Ukijaza kupita uwezo wake, mafaili yanafutana bila onyo. Kuna programu ndogo ya bure iitwayo F3: f3write inaijaza flashi yote, f3read inasoma kilichoandikwa na kukwambia ukweli. Ipime siku unayoinunua, wakati muuzaji bado anakukumbuka.

Sasa mfumo wenyewe. Kwa mashine yenye RAM ya GB 4 au zaidi napendekeza Linux Mint ya Xfce. Toleo la 22, lililotoka Julai 2024, litahudumiwa hadi 2029, na aliyezoea Windows haangaiki nalo. Yenye GB 2 ipe Debian na mazingira mepesi ya LXQt, ukijua kwamba kinachokula RAM siku hizi ni kivinjari kuliko mfumo. Ukiwa na kompyuta ya zamani sana ya biti 32, tafuta Debian 12, kwa sababu Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Ukishapakua faili, linganisha alama yake kwa sha256sum na ile iliyo kwenye tovuti ya watengenezaji. Faili la karibu GB 3 linaloshushwa kwa bando linalokatika katika linaweza kufika na kasoro.

Iwashe kwanza kutoka kwenye flashi bila kusakinisha. Jaribu sauti, Wi-Fi, na hasa printa, kwa maana printa ndiyo huwarudisha wengi walikotoka. Epson za wino wa tangi, L3110 na ndugu zake, kwa kawaida hukubali vizuri. HP LaserJet P1102 inahitaji hplip pamoja na kiongezo chake kinachopakuliwa mtandaoni. Canon LBP za bei nafuu zina usumbufu, usiahidi kazi ya mtu kabla hujaona karatasi imetoka. Mwenye stesheneri asakinishe pia fonti za Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana sawa na Calibri na Cambria. Bila hizo barua ya mteja iliyoandikwa kwa Word itavurugika kurasa ndani ya LibreOffice. Na kama ofisi yako inategemea programu ya uhasibu ya Windows pekee, bakiza mashine moja kwa ajili hiyo. Hakuna aibu.

Wi-Fi ikigoma, mara nyingi kadi ni ya Broadcom na inataka draiva ambayo haipatikani bila intaneti. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kwenye simu kushirikisha intaneti kwa USB, na Linux itaiona kama mtandao wa waya. Shusha draiva, maliza.

Mtandao wa Ushetu unataka subira na hesabu. Mabati ni adui: ruta ya laini iliyokaa sebuleni chini ya paa la bati inasikia mnara kwa shida. Fungua ukurasa wa ruta utafute namba iitwayo RSRP. Kwenye −80 uko vizuri, kwenye −110 hata barua pepe itasumbua. Zunguka nayo nje ya nyumba, pande zote nne, andika namba kwenye karatasi. Wengi hununua antena ya nje na mita 20 za waya mwembamba wa koaksia, kisha waya unameza kila kilichopatikana juu. Ni afadhali upandishe ruta yenyewe ndani ya boksi lisilopitisha maji, ushushe waya wa Cat5e, ambao hubeba mawasiliano hadi mita 100. Kabla ya kulipia Cat5e kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mwekundu hadi ndani ni shaba, ukibadilika kuwa mweupe ni alumini iliyopakwa shaba, uache dukani.

Nguzo ya antena naizungumzia kwa uzito. Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, Bukombe, wilaya jirani. Nguzo ya chuma iwe na waya mnene wa ardhi unaoshuka moja kwa moja nje ya nyumba, na mawingu yakianza kunguruma chomoa umeme, chomoa na waya wa mtandao. Kifaa cha kuzuia radi kinasaidia vyombo. Hakimpi mtu ruhusa ya kushika waya wakati wa mvua.

Umeme ukikatika, ruta nyingi hula volti 12 na wati zisizozidi kumi. Betri ya volti 12 yenye Ah 7 ina wati-saa 84. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, unapata saa nne hivi, bila inveta. Weka katikati kirekebishi cha volti, maana betri inapochajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi.

Jambo lililo moyoni mwangu zaidi ni kushusha mara moja na kutumia wengi. Ile kompyuta mpakato iliyovunjika kioo, ambayo hakuna anayeinunua, inafaa kabisa kuwa seva: betri yake inaibeba umeme ukikatika. Weka ndani yake apt-cacher-ng, na sasisho lililoshushwa na mashine moja litazifikia nyingine zote za shule au ofisi ya chama cha ushirika (AMCOS) bila kugusa bando tena. Weka Kiwix, na Wikipedia ya Kiswahili itasomeka darasani bila intaneti. Weka Kolibri, programu ya masomo yasiyohitaji intaneti, uongeze na vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinavyosomeka bure katika maktaba yake ya mtandaoni. Kushirikiana hivi si kugeni Kanda ya Ziwa. Sengerema, ng'ambo tu ya Geita, ilikuwa na kituo cha mawasiliano cha jamii tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikiungwa mkono na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), kikitoa huduma ya kompyuta, mafunzo na redio. Na mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kazi ile haikupata warithi wa kutosha. Kijana wa Ushetu anayejua Linux na Kiswahili anaweza kuchangia tafsiri za LibreOffice leo hii, akiwa Bulungwa.

Aliye na nakala ya Mint au Debian kwenye flashi asimnyime jirani. Leseni zake zinaruhusu kunakili na kugawa, hata bure, na kila nakala inayopita mkono kwa mkono inaokoa karibu GB 3 za bando la mtu. Walimu wa kompyuta na mafundi wa Kahama, anzeni na mashine moja.