Hisabati Nje ya Darasa: Vyuo Vikuu Vinavyowakaribisha Wananchi, na Nafasi ya Mzazi wa Tingi

Katika matokeo ya mtihani wa kidato cha nne ya mwaka 2023, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya wanne alifaulu Hisabati. Kwa waliosalia, njia ya kuingia katika fani kama uhandisi na uhasibu ilikuwa ngumu zaidi. Walimu wengi wanakubaliana kwamba chanzo kimojawapo ni hofu: mtoto huambiwa mapema kuwa somo hilo ni gumu, naye huamini.

Kuiondoa hofu hiyo ndilo lengo la mihadhara ya wazi na maonesho ya hisabati yanayoandaliwa na vyuo vikuu kwa ajili ya wananchi wa kawaida. Nchini Uingereza, taasisi ya Royal Institution imekuwa ikitoa mihadhara ya Krismasi kwa vijana tangu mwaka 1825, lakini hisabati ilipewa nafasi kwa mara ya kwanza mwaka 1978, kupitia Profesa Christopher Zeeman wa Chuo Kikuu cha Warwick. Kutokana na mihadhara hiyo, mwaka 1981 yalianzishwa madarasa maalumu ya hisabati kwa vijana.

Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Maseno, magharibi mwa Kenya, kiliwapokea wanafunzi wa sekondari katika kambi ya hisabati, ambako walijifunza kwa michezo, mafumbo na kompyuta. Hapa nchini, Chama cha Hisabati Tanzania (CHAHITA), kilichoanzishwa mwaka 1966, huwakutanisha walimu na wanafunzi katika Siku ya Pai, tarehe 14 Machi. Mwaka 2019, UNESCO iliitangaza tarehe hiyo kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati.

Tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ukitanguliza mwezi, huandikwa 3/14, nayo pai ni takriban 3.14. Maana yake huonekana kwa kamba na sufuria. Pima mzingo wa sufuria kwa kamba, kisha pima kipenyo chake, yaani upana unaopita katikati. Gawanya mzingo kwa kipenyo. Sufuria yenye kipenyo cha sentimita 30 itakuwa na mzingo wa takriban sentimita 94. Iwe sufuria, ndoo au tangi la maji, jibu halibadiliki: mara tatu na ziada kidogo.

Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Tingi, na si kila familia itakayofika chuoni. Hata hivyo, yanayofanyika katika maonesho hayo yanaweza kufanyika nyumbani, kwa kuwa hisabati ipo tayari katika shughuli za wakazi. Kilimo cha ngolo cha Wamatengo, chenye mashimo yaliyopangwa kwa mistari ili kuzuia mmomonyoko mlimani, ni somo la maumbo na maeneo. Iwapo shimo moja pamoja na matuta yake linachukua mita 2 kwa mita 2, mtoto anaweza kukokotoa kuwa ekari moja, yenye takriban mita za mraba 4,000, itatosha mashimo 1,000. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, humfundisha mchezaji kuhesabu hatua kadhaa kabla hajagusa kete. Mizani ya kahawa nayo ni somo: mtoto ajumlishe kilo za magunia na kuzidisha kwa bei kabla karani hajatamka jibu.

Mzazi ambaye hakusoma aljebra hana sababu ya kujitenga. Anachotakiwa kufanya ni kuuliza, “Umejuaje?” na kumsikiliza mtoto akieleza. Jibu likiwa na kosa, mtoto apewe muda wa kulitafuta mwenyewe, wala asichekwe.

Wazazi wanashauriwa kuwaona walimu wa Hisabati wa shule zao na kukubaliana namna ya kuiadhimisha tarehe 14 Machi shuleni, wazazi na watoto wakiwa pamoja. Kamba, sufuria, mizani na bao vinatosha kuanzia, na vyote vinapatikana katani.